SEYYID SAID NA MKATABA WA WAMARIKANI

Jina la Seyyid Said bin Sultan si geni kwenu. Wengi tunamjua kwa mikarafuu ya Unguja na Pemba. Lakini mimi leo napenda kuwaeleza maisha yake kwa upande mwingine: jinsi mtawala wa nchi ndogo yenye mali alivyopatana na taifa kubwa la mbali, nini alichopata, na nini alichotoa.

Seyyid Said alizaliwa Oman mwaka 1791. Baba yake aliuawa baharini mwaka 1804, naye akashika utawala mwaka 1806 angali kijana mdogo. Oman ni nchi ya milima na jangwa, na sehemu kubwa ya riziki yake wakati huo ilitoka baharini. Basi alipofika Unguja mwaka 1828, aliona bandari nzuri, maji matamu na ardhi yenye rutuba. Akaipenda, na baadaye akahamishia makao yake huko. Aliwaamuru wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Pembe za ndovu zilitoka bara, na sandarusi ilichimbwa Mrima. Hapana budi niseme pia kwamba kazi ya mashamba yale ilifanywa na watumwa, waliotolewa kwao kwa nguvu. Utajiri ule ulisimama juu ya migongo yao.

Mwaka 1828 huo huo alikuwako Unguja mfanya biashara wa Kimarikani, Edmund Roberts. Hakuridhika na jinsi biashara ilivyokuwa ikiendeshwa bandarini, akamwendea Seyyid Said mwenyewe kumweleza. Aliporudi kwao aliishauri serikali yake ifanye mkataba, naye akatumwa na Rais Andrew Jackson. Mkataba ulitiwa sahihi Muscat tarehe 21 Septemba, 1833.

Masharti yake yalikuwa hivi. Wamarikani waliruhusiwa kuuza na kununua katika bandari zote za Seyyid. Watalipa ushuru wa 5 kwa mia juu ya mali watakayoshusha, wala hawatadaiwa ushuru mwingine wowote. Wataweka mabalozi wao, na kesi za Wamarikani wao kwa wao zitaamuliwa na mabalozi hao. Raia wa Seyyid nao, wakienda Marekani, hawatatozwa zaidi ya watu wa taifa linalopendelewa kuliko mengine.

Biashara ikakua upesi. Balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Merikebu za mji wa Salem zilileta nguo ngumu ya pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, nazo zikachukua pembe, sandarusi, ngozi na karafuu. Watu wetu waliipenda nguo ile wakaiita merikani, na jina hilo lingali katika kamusi zetu. Wapagazi waliichukua vichwani hata Unyamwezi na Ujiji, ikawa kama fedha. Pembe nazo zilikwenda kufanywa vitana na vibonyezo vya piano. Forodha ya Unguja ilikodishwa kwa tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji, aliyemlipa Seyyid kiasi kilichopatanwa kila mwaka.

Seyyid Said hakukaa tu kungoja wageni. Alimtuma Ahmad bin Naaman na merikebu yake, Sultana, ikafika New York tarehe 30 Aprili, 1840. Ilipakia tende, kahawa, pembe, sandarusi na karafuu, pamoja na zawadi kwa Rais, wakiwamo farasi wawili wa Kiarabu. Wamarikani walimpokea mjumbe kwa heshima kubwa, wakaitengeneza merikebu yake iliyochakaa kwa gharama ya serikali yao.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha habari hii. Katika karatasi kila upande ulipewa haki. Lakini merikebu za Salem zilikuja Unguja mwaka baada ya mwaka, na safari ya Sultana haikuwa mwanzo wa safari za namna hiyo. Haki ya kwenda New York haikumfaa sana mtu asiye na merikebu za kutosha za kwenda huko. Tena ushuru ule wa 5 kwa mia Seyyid hakuweza kuuongeza kwa amri yake peke yake. Waingereza wakapata masharti kama hayo mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Na ulipotokea ugomvi na balozi wa Marekani juu ya heshima ya bendera, manowari ya Marekani ilikuja Unguja mwaka 1851 kudai haki kwa kutisha.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Oman, akazikwa Unguja. Marekani ilipoingia vitani wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika na merikani ikapungua sokoni. Unguja haikuanguka kwa sababu hiyo, kwani ilikuwa na wanunuzi wengine. Lakini mwaka 1890 ikawa chini ya himaya ya Uingereza.

Mimi naona Seyyid Said alikuwa na busara ya kutafuta marafiki wengi, asimtegemee mmoja. Upungufu ulikuwa katika vyombo: mali ilikuwa yake, lakini merikebu, viwanda na mizinga mikubwa vilikuwa vya wenziwe. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari Seyyid alikuwa nalo. Sisi tunaosoma leo hesabu, sheria na ufundi, tukumbuke kwamba siku moja baadhi yetu tutakaa mezani kupatana na wakubwa juu ya madini, gesi na mazao ya nchi zetu. Tusome kila sharti, kisha tujiulize ni nani mwenye chombo cha kulitumia.