Rosamond Carr, Mkulima wa Mugongo

Mji wa Gisenyi, ulioko ukingoni mwa Ziwa Kivu mahali Rwanda inapopakana na Kongo, unajulikana kwa mambo mengi: ziwa lake, mpaka wake, milima ya moto na misafara ya wakimbizi. Ni wachache wanaoukumbuka kwa maua. Lakini kwa muda wa nusu karne, juu ya mji huo, kwenye miteremko inayopanda kuelekea mlima Karisimbi, aliishi mkulima mwanamke ambaye shamba lake lilikosa soko, likakosa amani, na mara moja likakosa hata milango na madirisha, wala hakukubali liwe pori. Mkulima huyo ni marehemu Bibi Rosamond Halsey Carr.

Bibi Carr alizaliwa tarehe 28 Agosti, 1912, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani. Ujana wake haukuwa na dalili yoyote ya jembe. Alifanya kazi mjini New York ya kuchora mitindo ya mavazi, kazi ya kalamu na wino. Mwaka 1942 aliolewa na Bwana Kenneth Carr, mwindaji na mpiga picha aliyemzidi umri kwa miaka zaidi ya ishirini, na ambaye alikwisha kuijua Afrika. Mwaka 1949 wawili hao walisafiri kwenda Kongo, iliyokuwa bado koloni la Wabelgiji, wakafika katika nchi ya Kivu. Ndoa yao haikudumu. Mume aliondoka, mke akabaki. Jamaa zake huko kwao walitazamia kwamba angepanda meli na kurudi. Badala yake alichagua maisha ya shamba, kazi ambayo hakuna shule iliyomfundisha.

Yafaa kusema wazi kwamba Bibi Carr hakuja kama mkombozi wa mtu. Alikuja kama mlowezi, katika zama ambazo mgeni alipata ardhi kwa urahisi ambao mwenyeji hakuupata. Hilo ni sehemu ya historia yake, wala halifichiki. La kuzingatia ni yale aliyoyafanya baadaye, wakati urahisi ule ulipokwisha.

Mwaka 1955 alihamia upande wa Rwanda ili kusimamia shamba la Mugongo, ambalo hatimaye alilinunua. Jina hilo Mswahili hahitaji kutafsiriwa, kwani shamba lilikuwa kweli juu ya mgongo wa nchi, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mahali penye ukungu, baridi na udongo mweusi wa volkano. Zao lake lilikuwa pareto.

Wakulima wa Iringa, Mbeya, Nakuru na Kisii wanaifahamu pareto vizuri. Ni ua jeupe lenye moyo wa manjano, linalopenda nchi za juu. Ndani yake mna sumu inayowalegeza na kuwaua wadudu, nayo haimdhuru sana binadamu. Kazi yake ni ya mikono tangu mwanzo hadi mwisho. Maua huchumwa moja moja yakiwa yamefunguka, na baada ya wiki mbili au tatu wachumaji hurudi katika safu zile zile. Kisha hukaushwa bandani, na kiasi cha kilo nne za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya maua makavu. Katika kilo hiyo, dawa yenyewe huwa asilimia moja hadi mbili. Tena pareto haivumilii kungojea: ikikaa ghalani muda mrefu, au ikipigwa na jua, nguvu yake hupungua. Kwa hiyo mkulima wa pareto hawezi kuweka akiba ya mavuno yake akisubiri bei ipande. Bei ikianguka, huanguka naye.

Na bei ilianguka. Tangu Vita Kuu ya Pili dunia ilikuwa imeanza kutumia dawa za wadudu zilizotengenezwa viwandani, ambazo zilikuwa rahisi na zenye kudumu muda mrefu. Ilipobainika baadaye kwamba dawa kama DDT huharibu mazingira, na Marekani ikapiga marufuku matumizi yake kilimoni mwaka 1972, wakulima wa pareto walipata matumaini mapya. Lakini katika miaka hiyo hiyo wanasayansi waliigiza sumu ya pareto yenyewe, wakatengeneza ile isiyoharibiwa upesi na jua. Hivyo ua la shambani lilishindana na mwigo wake, na mara nyingi mwigo ulishinda.

Wakati huo huo siasa nazo zilibadilika. Kongo ilipata uhuru mwaka 1960, Rwanda ikapata wake tarehe 1 Julai, 1962. Walowezi wengi wa Kivu na wa Gisenyi walifunga mizigo. Waliosalia walihesabika. Bibi Carr alikuwa mmoja wao, mwanamke peke yake, bila mume, bila mtaji wa kampuni nyuma yake, na akiwa na zao ambalo faida yake ilizidi kuwa nyembamba.

Hapa ndipo unapoonekana ukulima wake. Kuzunguka nyumba yake Bibi Carr alikuwa amepanda bustani ya mawaridi na maua mengine ya nchi za baridi. Bustani ile ilikuwa pambo. Pareto iliposhindwa kuilisha nyumba, pambo likageuzwa kuwa riziki. Alianza kulima maua ya kukatwa na kuyauza mahotelini na katika balozi za nchi za nje. Tunaweza kuona hesabu iliyokuwamo ndani ya uamuzi huo. Uhuru uliowaondoa walowezi ndio uliouleta mji mkuu wa Kigali, na mji mkuu ukaleta mabalozi, karamu na wageni wenye kuhitaji maua mezani. Soko la ng'ambo lilikuwa limefungwa. Soko la nchini lilikuwa linafunguka. Ardhi ilikuwa ile ile, baridi ile ile, mikono ile ile ya wachumaji. Kilichobadilika ni mteja.

Tusidhani kwamba biashara hiyo ilimtajirisha. Shada la maua huharibika upesi kuliko hata pareto, na barabara za milimani hazina huruma. Ilimwezesha kubaki, basi. Katika kazi hiyo ya kubaki alikuwa na mtu mmoja wa lazima, Bwana Sembagare Munyamboneza, Mnyarwanda aliyekuwa msimamizi wa shamba na rafiki wa maisha. Mtu anayesimulia habari za Mugongo bila kumtaja Sembagare amesimulia nusu ya habari.

Mwaka 1967 alifika katika milima hiyo Bibi Dian Fossey, mtafiti wa sokwe wakubwa waitwao gorila, akiwa ametoka Kongo kwa shida. Bibi Carr alimpokea, na urafiki wao ulidumu hadi Bibi Fossey alipouawa kambini kwake Desemba 1985. Filamu ya maisha ya Bibi Fossey ilipotolewa mwaka 1988, Bibi Carr naye aliigizwa ndani yake, na kwa njia hiyo ulimwengu ulianza kumsikia mkulima wa Mugongo. Lakini jambo kubwa la maisha yake lilikuwa bado mbele, naye alikuwa amekwisha kuvuka miaka sabini na mitano.

Vita vilianza kaskazini mwa Rwanda tarehe 1 Oktoba, 1990. Aprili 1994 yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, nayo Gisenyi haikusalimika hata siku moja. Bibi Carr aliondolewa nchini pamoja na raia wengine wa kigeni, akaenda Marekani. Sembagare alibaki nyuma katika hatari kubwa, akanusurika. Mwezi Julai umati unaokadiriwa kufika watu milioni moja ulipita Gisenyi kwa siku chache ukaingia Goma, na kipindupindu kikaua maelfu. Njia nzima iliachwa na watoto waliopotezana na wazazi, au ambao wazazi wao walikuwa wamekwisha kuuawa.

Agosti mwaka huo huo Bibi Carr alirudi. Alikuwa anatimiza miaka themanini na miwili. Nyumba aliikuta imeporwa, na mali ya maisha yake yote imetawanyika. Kwa mujibu wa hesabu za kawaida, huo ndio ulikuwa wakati wa kufunga daftari. Yeye alikagua kilichobaki, akaona kwamba lile banda la kukaushia pareto bado lina kuta na paa. Banda lililojengwa kwa ajili ya zao ambalo soko lilikuwa limelikataa likasafishwa, likawekwa vitanda. Tarehe 17 Desemba, 1994, likafunguliwa kuwa makao ya watoto yatima. Aliyaita Imbabazi, neno la Kinyarwanda lenye maana ya huruma, hasa ile ya mama kwa mwanawe. Watoto wa kwanza walikuwa arobaini hivi, wa makabila yote, na katika miaka iliyofuata waliopita mikononi mwake walizidi mia nne. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa.

Fedha za makao zilitoka kwa wafadhili, wengi wao wa Marekani, nazo zilihitaji kuombwa kila mara. Usalama nao ulivunjika tena. Mwaka 1997, mashambulizi yalipozidi milimani, watoto walihamishiwa mjini Gisenyi, wakakaa huko miaka minane. Ni mwishoni mwa mwaka 2005 tu ndipo waliporudi Mugongo. Tarehe 29 Septemba, 2006, Bibi Carr alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 94. Alizikwa shambani mwake.

Imbabazi nayo baadaye iliacha kuwa makao ya yatima, baada ya serikali ya Rwanda kupitisha mwaka 2012 mpango wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia. Huo ni mwisho mwema, kwa kuwa nyumba ya yatima haijengwi ili idumu milele. Pareto ingali inalimwa na wakulima wadogo wa miteremko ile, kwani dunia imeanza tena kuthamini dawa zisizoacha sumu ardhini.

Ndugu msomaji, wako watakaouliza ni faida gani aliyoipata Bibi Carr kwa miaka hamsini ya kung'ang'ania shamba lisilolipa. Kwa daftari la mwenye duka, jibu ni dogo. Lakini lau angaliuza Mugongo mwaka ule bei ya pareto ilipoanguka, au angaliliacha banda lile lioze kwa sababu halikuwa na kazi tena, jioni ya tarehe 17 Desemba, 1994, watoto wale arobaini wasingalikuwa na mahali pa kulala. Shamba lililokosa soko kwa miaka mingi ndilo lililokuwa na paa siku paa lilipohitajiwa.