Thomas Say, mtu aliyehesabu matuta ya kombe



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wa kale tumekuwa tukiandika zaidi juu ya wafalme, washairi na wapigania uhuru. Safari hii zamu imenifikia mimi, na nimemchagua mtu aliyeshinda siku zake akiangalia mbu, kupe na makombe. Anaitwa Thomas Say. Wataalamu wa wadudu na wa konokono hapa Marekani wanamheshimu kama baba wa kazi yao, lakini watoto wetu wanaosoma shule za hapa hawajamsikia, na mimi mwenyewe nilikutana na jina lake kwa njia ya kazi: lilikuwa limeandikwa mwishoni mwa jina la kisayansi la kupe.

Say alizaliwa Philadelphia tarehe 27 Juni 1787, katika familia ya Wakweka. Baba yake, Benjamin Say, alikuwa daktari na muuza dawa. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Alipelekwa shule ya bweni ya Wakweka huko Westtown, hakuipenda, na alipofika miaka kama 15 masomo yake ya darasani yakawa yamekwisha. Chuo kikuu hakukiona. Alichokuwa nacho ni mjomba wa ukoo, mzee William Bartram, bwana wa mimea na ndege aliyekuwa na bustani maarufu nje ya mji. Kijana alikwenda huko na kurudi na mifuko imejaa vipepeo na mende.

Baba alitaka mwanawe awe mtu wa biashara, akamwekea duka la dawa pamoja na mshirika aitwaye John Speakman. Duka lilianguka. Walikuwa wamewadhamini marafiki kwenye mikopo, marafiki wakashindwa kulipa, na deni likawarudia wao. Wengi wetu tunalijua jambo hilo bila kuelezwa. Mwaka 1812 Say alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Akademia ya Sayansi Asilia ya Philadelphia, na alipofilisika alihamia humohumo ndani ya jengo. Husimuliwa kwamba alilala chini ya mifupa ya farasi iliyosimamishwa kwa maonyesho, na alikula kidogo sana ili fedha kidogo aliyokuwa nayo isiishe. Afya yake haikupona sawasawa baada ya miaka hiyo. Kama muuguzi, sisifu hata kidogo mtu kujinyima chakula, lakini ndivyo alivyoishi.

Sasa tuje kwenye makombe, na simaanishi Kombe la Dunia. Nazungumzia lile kombe la bahari lenye umbo la kipepeo cha kupepea jiko: chini limekutana kwenye ncha, juu limetanuka, na matuta yanatoka kwenye ncha kwenda ukingoni. Ukipita kwenye kituo cha mafuta cha Shell, ndilo lile la njano. Wataalamu wa Kilatini waliliita Pecten, yaani kitana, kwa sababu ya hayo matuta.

Kwenye kingo za mito ya Virginia na Maryland makombe ya namna hii yametoka ardhini kwa maelfu, na si ya juzi. Ni visukuku, mabaki ya wanyama waliokufa wakati bahari ilipofunika nchi ile, mengine miaka milioni nne au tano iliyopita. Mwaka 1687 daktari mmoja wa Uingereza, Martin Lister, alichapisha picha ya moja la makombe hayo lililovushwa bahari kutoka Amerika. Kazi ya kuchora katika kitabu chake kikubwa cha makombe ilifanywa na mabinti zake, Susanna na Anna. Huhesabiwa kuwa kisukuku cha kwanza cha Amerika ya Kaskazini kuchorwa kitabuni. Lakini kilibaki bila jina la spishi kwa zaidi ya miaka 130.

Ni Say aliyekipa jina. Mwaka 1824 alichapisha katika jarida la Akademia maelezo ya makombe ya kale yaliyokusanywa na Mwingereza John Finch. Hapa ndipo ninapotaka wanafunzi wasome polepole. Mezani kulikuwa na makombe yanayofanana mno. Mtu asiye na subira angeyatia yote kapu moja na kusema ni kombe la kale, basi. Say aliyahesabu. Moja lilikuwa na matuta machache, mapana, yaliyoinuka: 9 hadi 11 au 12. Akaliita Pecten jeffersonius, kwa heshima ya Thomas Jefferson, aliyekuwa bado hai. Jina hili lina utani wake, maana Jefferson mwenyewe aliwahi kuandika juu ya Virginia na kukiri kwamba hakuelewa makombe ya bahari yamefikaje mbali na bahari. La pili lilikuwa na matuta mengi zaidi, kama 16, na mistari myembamba yenye magamba madogo juu yake. Hilo lilipewa jina la rais aliyemfuata Jefferson, James Madison. La tatu akaliita septenarius, kwa ajili ya namba saba.

Ninyi mlio kwenye kazi za hospitali mtanielewa nikisema kwamba hii ni kazi ya kuandika faili la mgonjwa. Ukiandika kwamba kidonda ni kikubwa, anayeingia zamu ya usiku hajui kitu. Ukiandika urefu wake kwa sentimita, rangi ya kingo, kinatoa maji ya namna gani, anaweza kukilinganisha na alichokiona yeye. Say aliandika hivyo: idadi ya matuta, umbo lake, nafasi kati yake ikoje, uso wa kombe una nini, na yale masikio mawili kwenye bawaba, pale pande mbili zinapoungana, yanafananaje. Rangi haisaidii, kwa kuwa kisukuku kimeshapauka. Ukubwa nao unadanganya, kwa sababu kombe dogo huenda ni mtoto tu wa lile kubwa. Na aliandika kwa Kiingereza, lugha ya watu wa mji wake, Kilatini akakiachia majina.

Hili la lugha na mahali lilikuwa jambo zito kwake. Wakati ule vitu vya Amerika vilifungwa kwenye makasha vikapelekwa Ulaya, na mabwana wa Ulaya ndio walioviita majina. Say alishikilia kwamba wanyama wa nchi ile waelezwe na watu wanaoishi nao na kuwaona wakiwa hai. Lakini tukumbuke pia kwamba wenyeji wa asili wa mabonde yale walikuwa na majina yao kwa wanyama wao zamani kabla ya Mkweka yeyote kufika. Say alilijua hilo kuliko wenzake wengi. Katika msafara wa Meja Stephen Long wa mwaka 1819 na 1820 kwenda Milima ya Rocky aliandika madaftari juu ya desturi na maneno ya lugha za watu wa nyanda zile. Mwaka 1820 askari watatu walitoroka usiku wakaondoka na mizigo, na madaftari yake yakaenda nayo. Hayakupatikana tena. Sijui kama ipo hasara katika maisha yake iliyozidi hiyo.

Kutokana na msafara huohuo alimpa jina la kisayansi koyote, yule mnyama kama mbweha anayelia usiku. Alieleza pia mdudu wa viazi mwenye mistari kumi, ambaye jina lake, decemlineata, ndilo hesabu yenyewe. Mwaka 1821 alieleza kupe Ixodes scapularis, ambaye leo tunajua anaeneza ugonjwa wa Lyme. Mwaka 1824, mwaka uleule wa makombe, alieleza mbu mwenye madoa manne kwenye bawa, Anopheles quadrimaculatus. Huyo ndiye aliyekuwa mwenezaji mkuu wa malaria mashariki mwa Marekani. Say hakujua kwamba mbu anabeba malaria. Hakuna daktari aliyejua hadi mwishoni mwa karne ile. Lakini ulipofika wakati wa kuuliza ni mbu yupi hasa, maelezo yalikuwa yapo tayari, na yule mwenye madoa manne hakuchanganywa na ndugu zake wasio na madhara makubwa.

Mwishoni mwa 1825 tajiri William Maclure, aliyekuwa akimsaidia kwa miaka mingi, alimchukua pamoja na walimu na wasomi wengine kwa mashua hadi New Harmony, Indiana, kijiji ambacho Robert Owen alitaka watu waishi humo kwa usawa na kumiliki mali pamoja. Mpango wa Owen haukudumu hata miaka mitatu. Say alibaki. Kwenye mashua ile alikuwamo Lucy Way Sistare, mwalimu na mchoraji, na tarehe 4 Januari 1827 walioana kimyakimya bila sherehe.

Kitabu chake kikubwa juu ya makombe ya Amerika kilianza kutoka mwaka 1830, kikichapwa hukohuko kijijini. Picha 66 kati ya 68 zilichorwa na Lucy, na kuzipaka rangi ilikuwa kazi ya mkono, nakala moja baada ya nyingine. Say hakukiona kikikamilika. Alifariki tarehe 10 Oktoba 1834, akiwa na miaka 47.

Wadudu wake aliowakusanya na kuwachoma pini kwa maisha yake yote hawakuhifadhiwa vizuri. Wadudu wengine waharibifu waliingia masandukuni wakawala, karibu wote. Kwa spishi nyingi alizozieleza, yaliyobaki ni maneno yake tu, na wataalamu wamelazimika kuyategemea hayo kumjua aliyekuwa anamwona.

Makombe ni magumu zaidi, yamebaki mengi. Mwaka 1975 wataalamu wawili, Ward na Blackwelder, waliyapanga upya pamoja na ndugu zake wa tabaka za chini na za juu, wakayapa jenasi yake, Chesapecten, kwa jina la ghuba ya Chesapeake. Waliangalia zaidi ya matuta. Chini ya sikio la mbele kuna pengo ambapo mnyama alitoa nyuzi za kujishikizia; kwenye makombe ya zamani zaidi pengo ni kubwa, kwenye yaliyofuata linapungua. Kwa hiyo leo ukiokota kombe moja unaweza kujua umesimama kwenye tabaka la wakati gani. Mgawanyo wa Say wa mwaka 1824 ulisimama: la Jefferson, la Madison na lile la saba bado ni spishi tatu. Mwaka 1993 jimbo la Virginia lililitangaza la Jefferson kuwa kisukuku rasmi cha jimbo.

Lucy alirudi mashariki akahakikisha vitabu na makombe ya mumewe yanafika Akademia. Mwaka 1841 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa uanachama pale. Aliishi hadi 1886.

Jumamosi ijayo, darasa la miaka 9 hadi 12 walete kombe lolote lenye matuta, hata la kununua dukani. Tutahesabu, tutapima kwa rula, na kila mtoto ataandika maelezo kwa Kiswahili bila kutaja rangi wala kusema kubwa au dogo. Kisha tutayachanganya makombe mezani, na mwenzake atatumia maelezo hayo kulitafuta.