Friedrich Fröbel: Mwasisi wa chekechea aliyefariki kazi yake ikiwa marufuku

Vipande vya mbao ambavyo watoto wa chekechea hupanga na kubomoa vina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni maisha ya mwalimu mmoja wa Ujerumani, Friedrich Fröbel.

Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, mkoani Thüringen. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mama yake alifariki kabla mtoto huyo hajatimiza mwaka mmoja, na mama wa kambo hakumjali. Alipofikisha umri wa miaka 10, mjomba wake alimchukua akamlea.

Ujana wake ulikuwa wa kutangatanga. Alijifunza kazi ya misitu, akasoma Chuo Kikuu cha Jena na kufungwa huko kwa sababu ya deni. Mwaka 1805 alianza kufundisha mjini Frankfurt, kisha akaenda Yverdon, Uswisi, kujifunza kwa mwalimu mashuhuri Johann Heinrich Pestalozzi. Baada ya kupigana dhidi ya majeshi ya Napoleon, alifanya kazi katika jumba la makumbusho ya madini mjini Berlin. Huko, fuwele zilimfundisha kwamba maumbo mengi huanzia kwenye maumbo machache sahili.

Mwaka 1837, akiwa Bad Blankenburg, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea alivyoviita zawadi. Ya kwanza ilikuwa mipira laini ya sufi yenye rangi 6. Ya pili ilikuwa maumbo matatu ya mbao: tufe, mchemraba na mcheduara. Ya tatu ilikuwa mchemraba unaogawanyika kuwa michemraba midogo 8. Mtoto aliugawa, akajenga kiti, ngazi au ukuta, kisha akavirudisha vipande vyote mahali pake. Hivyo alijifunza hesabu na mpangilio kabla ya kujua kusoma.

Mwaka 1840 Fröbel aliipa taasisi yake jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Aliwafunza pia wanawake kuwa walimu, wakati ambapo milango ya taaluma ilikuwa imefungwa kwao.

Pigo lilikuja Agosti 1851. Serikali ya Prusia ilipiga marufuku shule hizo, ikidai zinaeneza ujamaa na ukanaji wa Mungu. Iliyachanganya mawazo yake na ya Karl Fröbel, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa ameandika kijitabu kuhusu elimu. Ufafanuzi wa mzee huyo haukusaidia kitu. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, akiwa na umri wa miaka 70, marufuku ingalipo. Iliondolewa mwaka 1860.

Kufikia hapo, kazi yake ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka. Mwaka 1856 Margarethe Schurz, mhamiaji wa Kijerumani aliyejifunza njia yake, alifungua chekechea Watertown, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Baadaye kampuni ya Milton Bradley ilianza kuuza zawadi hizo, na msanifu majengo Frank Lloyd Wright alisimulia kwamba alizichezea utotoni.

Kaburi la Fröbel liko Schweina, Thüringen. Juu yake umesimama mnara wa mawe: mchemraba chini, mcheduara katikati na tufe juu.