Simon Kimbangu: safari ndefu iliyoishia katika gereza la Élisabethville

Mji wa Lubumbashi uliitwa Élisabethville wakati wa ukoloni. Mwaka 1921 ulikuwa na miaka 11 tu tangu kuanzishwa, na watu walikuwa wakifika kutoka pande zote kutafuta kazi katika migodi ya shaba. Simon Kimbangu alipelekwa huko pia, lakini yeye hakufuata kazi. Alikuwa mfungwa, na hakutoka tena akiwa hai.

Kimbangu alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Nkamba, huko Kongo ya chini. Mwaka 1915 alibatizwa pamoja na mke wake, Marie Muilu, katika misheni ya Wabatisti ya Ngombe-Lutete. Walizaa watoto watatu, wote wanaume: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Kwa muda fulani alifanya kazi Kinshasa, kisha akarudi kijijini.

Tarehe 6 mwezi wa nne 1921, wafuasi wake wanasimulia, alimwombea mwanamke mgonjwa naye akapona. Habari ikaenea upesi. Watu kwa maelfu wakaacha mashamba na kazi za wazungu, wakaenda Nkamba. Kimbangu aliwahubiria kuacha sanamu za uchawi na kuwa na mke mmoja. Hakuwa na silaha. Hata hivyo wakoloni waliingiwa na hofu walipoona umati mkubwa ukimfuata mtu mweusi.

Mwezi wa sita, msimamizi Léon Morel alifika Nkamba na askari ili kumkamata. Kimbangu aliponyoka, akajificha karibu miezi mitatu. Mwezi wa tisa alirudi kijijini kwa hiari yake, akakamatwa. Tarehe 3 mwezi wa kumi, mahakama ya kijeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu viboko 120 na kifo, bila wakili wa kumtetea. Wamisionari wa Kiprotestanti waliomba ahurumiwe, na mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji akabadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha.

Ndipo akapelekwa mbali na watu wake. Kati ya Thysville na Élisabethville kuna zaidi ya kilometa 1.500. Reli ya kutoka Katanga hadi Ilebo, penye meli za kwenda Kinshasa, ilimalizika mwaka 1928 tu. Kwa hiyo ndugu wa kijijini hakuwa na njia rahisi ya kumfuata. Mtu aliyehubiri kwa Kikongo alijikuta katika mji wa wageni, ambako Kiswahili kilikuwa kikienea kama lugha ya kazi. Alikuwa na miaka 34.

Wakoloni walidhani umbali utazima moto. Haikuwa hivyo. Kadiri walivyowahamisha wafuasi wake, ndivyo imani ilivyosafiri nao, hadi Lowa, kando ya mto Lualaba, huku kwetu mashariki. Marie Muilu aliendelea kuwaunganisha waamini kwa siri.

Kimbangu alifariki Élisabethville tarehe 12 mwezi wa kumi 1951, baada ya miaka 30 kifungoni. Nelson Mandela alikaa miaka 27. Muilu naye alifariki mwezi wa nne 1959, miezi minane tu kabla serikali ya kikoloni kulitambua kanisa la mume wake, tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili.

Mwaka 1960, mwaka wa uhuru, mwili wake ulirudishwa Nkamba. Mwaka 1969 kanisa lake lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Na tangu 2023, tarehe 6 mwezi wa nne ni sikukuu ya taifa lote la Kongo. Gereza lilimshika mtu mmoja miaka 30, lakini neno lake lilikuwa limekwisha kutoka.