Harold Edgerton, mutu aliyesimamisha risasi katika foto

Usiku wa mvua katika bonde la Ruzizi, radi inapopiga, mutu anayekimbia kwenye njia ya Mutarule anaonekana sawa vile amesimama, muguu moja juu. Giza linarudi mara moja, na macho yanabaki na ile picha tu. Aliendelea kukimbia, lakini mwangaza ulikuwa mufupi kuliko hatua yake. Harold Edgerton, injinieri wa Marekani, alijenga kazi ya maisha yake yote juu ya jambo hilo.

Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1903 kule Fremont, jimbo la Nebraska, akakulia Aurora, muji mudogo wa jimbo hilo. Alisomea umeme, akapata diplome mwaka wa 1925. Kisha akaenda chuo kikubwa cha teknolojia cha Massachusetts, MIT, na mwaka wa 1931 akawa daktari wa sayansi.

Pale alikuwa anachunguza mitambo ya umeme. Shida ilikuwa moja: mutambo ukizunguka mbio, jicho linaona ukungu tu, kama vile mbele ya mashini ya kusaga mihogo. Siku moja akaona kwamba taa fulani za gesi, zikiwaka na kuzimika pamoja na muzunguko, zinafanya chuma kionekane kimetulia. Akashika jambo hilo, hakuliacha tena.

Taa yake ilifanya kazi hivi. Umeme unakusanywa kwanza, sawa na maji ya mufereji wa mupunga yaliyozuiwa kwa ubao. Ubao ukiondolewa, maji yote yanatoka pamoja. Vilevile umeme unamwagika wote ndani ya chupa ya gesi, na mwangaza mukali unatokea kwa wakati karibu sekunde moja iliyogawanywa mara milioni. Risasi inayokwenda metre 800 kwa sekunde haimalizi hata milimetre moja katika wakati huo. Ndiyo sababu mwaka wa 1964 aliweza kuonyesha risasi imetoka upande wa pili wa tunda la pome, imetulia hewani. Foto yake ingine inajulikana zaidi: tone la maziwa likianguka na kuinua kitu kama taji la mufalme.

Na filimu? Kamera ya kawaida inavuta utepe, inausimamisha, inapiga picha, inavuta tena, mara 24 kwa sekunde. Ukiiharakisha sana, utepe unapasuka. Edgerton aliondoa kule kusimama: utepe unakimbia bila kutulia, na kila muwako wa taa unaacha picha moja. Picha 1.200 zikipigwa kwa sekunde moja, kisha zionyeshwe kwa mwendo wa kawaida, ile sekunde inakuwa sekunde 50. Hivyo watu wakaona mabawa ya ndege wadogo wa Amerika, wanaofanana na chozi wetu. Filimu fupi aliyofanya na kampuni ya MGM mwaka wa 1940 ilipata zawadi ya Oscar.

Lakini kazi hiyo haikubaki kwa ndege na maziwa. Wakati wa vita, mwaka wa 1944, taa zake zilibebwa na ndege za jeshi kupiga foto usiku juu ya Normandie, Ufaransa. Mwaka wa 1947 yeye na wenzake wawili, Kenneth Germeshausen na Herbert Grier, walifanya kampuni ya EG&G, iliyofanya kazi kwa majaribio ya bomu za atomiki. Huko hakukuhitajika taa, maana bomu ni mwangaza wenyewe. Walitengeneza kamera isiyokuwa na mulango wa chuma wa kufunguka na kufungwa. Kila moja ilipiga foto moja tu, kwa hiyo walizipanga nyingi. Foto zinaonyesha tufe la moto, mnara bado haujaanguka.

Hapa historia inagusa inchi yetu. Katika miaka ya kwanza ya bomu hizo, sehemu kubwa ya uranium ya Marekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ilikochimbwa na Wakongomani kwa faida ya Union Minière. Uranium ya bomu la Hiroshima, la Agosti 1945, ilitoka kule kwa sehemu kubwa. Foto za mulipuko zilizunguka dunia yote. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawamo ndani yake.

Edgerton mwenyewe alirudi kwenye maji: tangu 1953 alisafiri na Mufaransa Jacques-Yves Cousteau kupiga foto chini ya bahari, na wale mabaharia wakamuita Papa Flash. Alifundisha MIT karibu maisha yake yote, akafa tarehe 4 Januari 1990, akiwa na miaka 86.

Mupiga foto wa arusi pale Uvira, anapowasha flash ya umeme kwenye kamera yake kubwa, anatumia ile taa ya gesi ya Edgerton. Bibi arusi anacheza, na katika foto ametulia.