Jeanne Chauvin: Daktari wa Sheria Aliyenyimwa Kiapo

Leo tunakupeleka Ufaransa, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa Jeanne Chauvin.

Alizaliwa mwaka 1862 huko Jargeau, mji mdogo kando ya mto Loire. Baba yake alikuwa akiandaa hati za kisheria, kama zile za mauzo ya mashamba na mirathi. Alifariki Jeanne akiwa bado binti, na mama akahamia Paris na watoto wake. Jeanne na mdogo wake Émile wote wakasomea sheria.

Siku hizo vyuo vikuu vya Ufaransa havikuwa na kitivo cha uchumi peke yake. Somo la uchumi lilifundishwa ndani ya kitivo cha sheria, hivyo anayesomea mikataba na mirathi alikutana pia na mambo ya kazi na ujira. Elimu hiyo ilimfaa Jeanne baadaye.

Mwaka 1892 alifika kutetea tasnifu yake ya udaktari wa sheria. Iliandikwa kuhusu kazi zilizokuwa wazi kwa wanawake, tangu enzi za kale. Ukumbi ukajaa wanafunzi wa kiume, wakapiga kelele mpaka shughuli ikaahirishwa. Alirudi siku nyingine, akaitetea, akafaulu. Kabla yake ni mwanamke mmoja tu aliyewahi kupata shahada hiyo Ufaransa, Sarmiza Bilcescu kutoka Romania.

Lakini shahada haimfanyi mtu wakili. Lazima ale kiapo mahakamani. Novemba 1897 Jeanne alikwenda Mahakama ya Rufani ya Paris kuomba kuapishwa, na majaji wakamkatalia: uwakili ni kazi ya wanaume, na hakuna sheria iliyompa mwanamke nafasi hiyo. Hebu fikiria! Chuo kimempa udaktari wa sheria, mahakama inamfungia mlango.

Yeye aliendelea kufundisha sheria katika shule za sekondari za wasichana mjini Paris, huku suala lake likipelekwa bungeni. Mbunge René Viviani alikuwa miongoni mwa waliolisimamia. Tarehe 1 Desemba 1900 sheria mpya ikawaruhusu wanawake wenye shahada kula kiapo cha uwakili. Wa kwanza kuapa hakuwa Jeanne. Alikuwa Olga Petit, tarehe 6, na Jeanne akafuata tarehe 19. Hata hivyo, Jeanne ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kusimama mahakamani kutetea mteja.

Kwetu sisi, kazi yake kubwa zaidi ni nyingine, nayo haitajwi sana. Katika Ufaransa ya wakati ule, mwanamke aliyeolewa angeweza kushona kiwandani mwezi mzima, na fedha aliyolipwa ikawa chini ya mamlaka ya mumewe. Mume mlevi aliweza kuimaliza yote, na mke asiwe na pa kudai. Tangu miaka ya 1890 Jeanne, pamoja na Jeanne Schmahl na wenzao, alipigania mke awe na haki juu ya ujira wake mwenyewe. Muswada ulizungushwa bungeni miaka mingi. Ulipita Julai 1907.

Jeanne Chauvin alifariki mwaka 1926 mjini Provins.