Hergé na Sura za Wahusika Wake

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu usawiri wa wahusika, mara nyingi hukimbilia tabia na maneno yao. Katika hadithi za picha kuna jambo la tatu, nalo ni umbo. Umbo likikosewa, kosa hilo hukaa miaka mingi, kama tutakavyoona katika wasifu huu.

Georges Remi alizaliwa Etterbeek, Brussels, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Mei 1907. Jina la Hergé alilitunga kwa kugeuza herufi za kwanza za majina yake, R na G, kama zinavyotamkwa kwa Kifaransa. Ujanani alichora hadithi za skauti aitwaye Totor. Tarehe 10 Januari 1929, katika toleo la watoto la gazeti moja la Kikatoliki, alimleta mwandishi wa habari aliyerithi mengi kwa Totor: Tintin. Uso ulikuwa duara tu, macho nukta mbili, suruali pana iliyobanwa chini ya magoti. Nywele zililala kwenye paji la uso. Katika hadithi hiyo ya kwanza gari liliondoka kwa kasi, upepo ukazisimamisha, na hazikulala tena.

Hadithi ya pili, ya mwaka 1930 hadi 1931, ilimpeleka Tintin Kongo. Wakati huo Wabelgiji walitawala Kongo, pamoja na Rwanda na Burundi, majirani zetu hapa Kagera. Hergé hakuwa amefika huko. Alitegemea vitabu na jumba la makumbusho ya kikoloni la Tervuren. Waafrika akawachora karibu wote kwa sura moja: midomo mikubwa, akili ndogo, wakimsujudia kijana mgeni. Darasani, Tintin aliwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Ukisoma mada ya elimu ya kikoloni, kumbuka kwamba ilifika hata kwenye katuni za watoto wa Ulaya.

Mwaka 1934 ulileta badiliko kubwa. Akijiandaa kumpeleka Tintin China, Hergé alikutanishwa na Zhang Chongren, kijana wa Kichina aliyekuwa akisomea sanaa Brussels. Zhang alimweleza maisha ya kwao na kumwandikia herufi halisi za Kichina zilizoonekana kwenye mabango ya michoro. Safari hii Wachina walipata nyuso zao, kila mmoja na wake, na kijana mmoja, Chang, akawa rafiki wa Tintin. Lakini Wajapani wa kitabu hichohicho walichorwa kwa kejeli, meno nje. Mchoraji alikuwa amejifunza kuwatazama watu wa taifa moja, si wote.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alichora katika gazeti lililokuwa chini ya Wajerumani. Kwa sababu hiyo, baada ya ukombozi wa mwaka 1944 alikamatwa na kuzuiwa kufanya kazi kwa muda.

Hadithi ya Kongo ilichorwa upya kwa rangi mwaka 1946, kurasa 110 zikawa 62. Somo la nchi ya Ubelgiji liligeuzwa kuwa somo la kujumlisha. Midomo haikuguswa. Ajabu ni kwamba baadaye, kwa ajili ya wasomaji wa Skandinavia, aliondoa picha ya kifaru anayelipuliwa kwa baruti. Kifaru akapata utetezi kabla ya Wakongo.

Tintin mwenyewe alibadilika kidogo sana. Hadi mwaka 1976 ndipo ile suruali ya zamani ilipobadilishwa na kuwa ndefu ya kawaida. Mwaka 1981 Hergé alikutana tena na Zhang, baada ya miongo mingi ya kupoteana. Alifariki tarehe 3 Machi 1983, akiacha hadithi moja haijakamilika. Mwaka 2012 mahakama ya Ubelgiji ilikataa ombi la raia wa Kongo aliyetaka kitabu kile kizuiwe, na bado kinauzwa.

Maswali
1. Eleza mambo mawili yaliyobadilishwa mwaka 1946 na moja lililobaki.
2. Kwa nini Wachina walisawiriwa vizuri kuliko Wakongo?
3. Je, ungekubaliana na uamuzi wa mahakama? Toa hoja tatu.